Likizo ya Majira ya Baridi ya Mwanafunzi Aliye Mbali



Katika nyumba zetu nyingi siku hizi yuko mtoto mmoja aliyevuka bahari kwenda kutafuta elimu ya juu. Mwezi wa Desemba ukifika, ndugu zake wakaao mijini hurudi kijijini, kuku huchinjwa, watoto huvikwa nguo mpya, na mama huhesabu sahani. Ndipo mtu mmoja huuliza, "Na yule wa Marekani, mbona haji? Si tumesikia ya kwamba na huko wana likizo?" Wengine hucheka, wengine hunyamaza, na katika kunyamaza kule mara nyingi huota uchungu usio na sababu.

Ni kweli, wana likizo. Mwezi huu twapenda kueleza likizo hiyo ni kitu gani, mwanafunzi wa shahada za juu huitumiaje, tena pamoja na nani, na kwa sababu gani wengi hawawezi kuitumia kwao. Tumechagua mji mmoja, Minneapolis, pamoja na jirani yake Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, upande wa kaskazini wa Marekani. Hapo pana Chuo Kikuu cha Minnesota, na hapo wako watu wengi wa pande zetu: Wakenya wengi hukaa Brooklyn Park, na Wasomali hukaa Cedar-Riverside, mtaa ulio karibu kabisa na chuo. Tena Walutheri wa Saint Paul wana urafiki wa miaka mingi na Walutheri wa Dayosisi ya Iringa, urafiki uitwao Bega kwa Bega, hata jina la Iringa si geni katika mji ule.

LIKIZO YENYEWE

Mwaka wa masomo katika vyuo vingi vya Marekani una mihula miwili mikubwa. Wa kwanza huanza mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, majani ya miti yanapokaribia kupukutika, nao humalizika kwa mitihani katikati ya Desemba. Wa pili huanza katikati ya Januari au baadaye kidogo. Kati ya mihula hiyo pana majuma 3 hata 5, nayo ndiyo likizo ya majira ya baridi.

Vijana wa shahada ya kwanza hufunga mizigo yao siku ile ile wamalizapo mtihani wa mwisho, wakaenda kwa wazazi wao. Mabweni mengi hubaki kimya. Lakini mwanafunzi wa shahada za juu hali yake ni nyingine. Yule wa uzamili husoma miaka 2 hivi. Yule wa uzamivu mara nyingi huchukua miaka 5 hata 7. Huyu si mtu wa kusikiliza mafundisho tu, bali hutafuta jambo lisilojulikana bado, akaliandika katika kitabu kiitwacho tasnifu. Tena wengi wao hupata riziki yao kwa kuwafundisha wale vijana wadogo na kusahihisha karatasi zao. Kwa hiyo vijana wakiisha kwenda zao, yeye hubaki na rundo la karatasi mezani, naye hawezi kusema kwamba likizo imeanza mpaka ameipeleka hesabu ya alama zote.

Rundo likiisha, ndipo huona majuma matatu meupe mbele yake, hakuna darasa wala mkutano, akasema moyoni, "Sasa nitaandika sura nzima." Hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyechoka, akikaa peke yake chumbani na kitabu kisichokwisha, mchana mfupi na usiku mrefu, hapati sura wala hapati pumziko. Januari humkuta amechoka kuliko Desemba.

KAZI ISIYOJUA SIKUKUU

Wako wengine ambao kazi yao haiwezi kungoja hata kama wangetaka. Tutoe mfano mmoja unaotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Yako maradhi ya ngano yaitwayo kutu ya shina, nayo huletwa na kuvu. Mwaka 1998 aina mpya ya kuvu hiyo ilionekana Uganda, ikashinda ngano nyingi zilizodhaniwa kuwa na kinga. Wataalamu wakaiita Ug99. Ikaenea hata Kenya, na tangu hapo ngano za nchi nyingi hupandwa Njoro ili zijaribiwe kama zitaweza kuistahimili.

Sasa, Saint Paul ni mahali pa zamani pa elimu ya kutu ya ngano. Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya kuongeza ngano duniani, alipata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1942. Na huko, kuvu hai iliyotoka nchi za nje hufanyiwa kazi katika miezi ya baridi, ndani ya vyumba vilivyofungwa kwa uangalifu mkubwa. Sababu yake ni kwamba miezi hiyo hakuna ngano mashambani, na hata chembe moja ikiponyoka, baridi ya nje itaiua. Basi msomaji aona mwenyewe: mwanafunzi wa kazi ya namna hii, wakati wenzake wamo likizoni, yeye ndipo msimu wake wa kazi umefika. Wala si yeye peke yake. Mwenye kufuga vijidudu au panya kwa uchunguzi hana budi kuwalisha siku ya Krismasi kama siku nyingine yo yote, kama vile mfugaji wetu asivyoweza kumwambia ng'ombe asubiri maziwa mpaka sikukuu ipite.

NCHI ILIYOGEUKA BARAFU

Aliyekulia katika jua hawezi kuidhania baridi ya Minnesota. Tarehe 21 Desemba, siku iliyo fupi kuliko zote, jua la Minneapolis huchomoza yapata saa 2 kasoro dakika 12 asubuhi, likatua saa 10 na nusu hivi. Mchana wote haufiki saa 9. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam mchana hukaribia saa 12 na nusu. Katika mwezi wa Januari baridi ya usiku kwa kawaida hushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na siku nyingine hushuka zaidi sana. Mwaka 1996, katika mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa jimbo hilo, ilipimwa baridi ya nyuzi 51 chini ya sifuri.

Watu wa huko wamejifunza kukaa nayo. Katikati ya Minneapolis wamejenga njia zilizofunikwa kwa vioo, zipitazo juu ya barabara kutoka jumba hata jumba, yapata kilomita 15 kwa jumla, ili mtu aende kazini au dukani bila kutoka nje. Maziwa huganda. Maporomoko ya Minnehaha, ambayo kiangazi hunguruma, husimama kimya kama pazia la barafu. Mgeni asipofunika masikio yake huumia upesi. Midomo hupasuka kwa ukavu wa hewa, na mtungi wa mafuta ya kujipaka huwa mwenzi wa mfukoni.

Lakini wazee wa huko wasema ya kwamba baridi haimuui mtu avaaye vizuri, ila upweke humdhoofisha hata aliyevaa vizuri. Giza la saa 10 na nusu jioni, katika nyumba isiyo na mtu wa kumwambia "karibu," ni zito kuliko theluji.

KWA NINI HAJI

Twarudi kwa swali la wazee. Kama ana majuma matatu, mbona haji?

Sababu ya kwanza ni nauli. Hakuna ndege iendayo moja kwa moja kutoka Minneapolis hata kwetu. Wengi hupitia Amsterdam au mji mwingine mkubwa. Na Desemba ndio mwezi ambao watu wote wataka kusafiri, hata bei hupanda. Mshahara wa mwanafunzi msaidizi ni wa nusu ya kazi. Sheria humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo. Ulipokwisha kulipa pango, chakula na bima, hubaki kidogo. Kwa sababu hiyo wako wanaotumia likizo kufanya kazi zaidi ndani ya chuo, kwa kuwa likizoni sheria huwalegezea saa hizo.

Sababu ya pili wazazi wengi hawaijui, nayo ndiyo kubwa. Mwanafunzi mgeni ana hati mbili. Moja ni viza, iliyobandikwa katika pasipoti, nayo ni ruhusa ya kubisha hodi mlangoni. Ya pili huitwa I-20, hutolewa na chuo, nayo huonyesha kwamba ana haki ya kukaa maadamu anasoma. Viza ikiisha muda wake naye yumo ndani ya nchi, hana kosa, ikiwa I-20 yake ni hai na masomo yaendelea. Lakini akitoka kuja kwetu, hawezi kuingia tena mpaka aende ubalozini kuomba viza mpya. Miadi yaweza kuchelewa kupita likizo yenyewe. Jibu laweza kuwa la kukataa. Na sheria hizi hubadilika, tena si sawa kwa kila nchi. Hata mwenye viza hai hana budi I-20 yake iwe na sahihi ya chuo ya kuruhusu safari, isiyopita mwaka 1. Basi kijana hupima: sikukuu moja nyumbani, au kazi ya miaka mitano. Asiyejua habari hii humhesabia kuwa amewasahau.

BABA NA SIMU

Mwanafunzi mmoja wa kilimo, mzaliwa wa nyanda za juu za kusini za Tanzania, alikaa huko Desemba tatu bila kurudi. Kwao miezi hiyo ni ya mvua na palizi ya mahindi, nao walimtazamia hata kwa mkono wa jembe. Mwaka wa kwanza baba yake alisema, "Atakuja mwakani." Mwaka wa pili alisema, "Ameshakuwa Mzungu." Mwaka wa tatu hakusema neno, ila simu ilipolia siku ya Krismasi aliondoka, akaenda kutazama ng'ombe.

Kijana alisikia mlango ukifungwa, maana simu huchukua sauti zote. Hakulalamika. Baadaye aliketi akaandika barua, si ya kujitetea wala ya kuomba, bali ya kueleza: mshahara wake ni kiasi gani, pango ni kiasi gani, viza yake iliisha mwezi gani, na itakuwaje akitoka bila nyingine. Akaeleza pia ya kwamba kila Desemba hufua shati alilopewa na baba yake siku ya safari, akalivaa kanisani. Hakumpelekea baba barua hiyo, kwa maana alijua angeiweka mfukoni bila kuisoma. Alimpelekea shangazi yake.

Shangazi alikuwa mtu wa akili. Alingoja jioni, baba amekwisha kula na moto ungali unawaka, akamwambia, "Kaka, nisikilize, usinijibu." Akasoma barua yote tangu mwanzo hata mwisho, hesabu na yote. Baba hakujibu. Lakini Jumamosi iliyofuata, saa 12 jioni, alikuwa ameketi karibu na simu kabla ya watu wote. Kijana aliposema, "Shikamoo baba," alijibu, "Marahaba, mwanangu," akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Leo umekula nini?" Kijana asema ya kwamba katika miaka yake yote huko hakuulizwa swali lililomshibisha kama hilo.

NDUGU WASIO WA DAMU

Basi alikuwa amekula nini? Katika likizo ile walikuwa wamebaki watu saba katika nyumba za wanafunzi: Mtanzania huyu, Wakenya wawili, Mnaijeria, Mhindi, na Wachina wawili mume na mke. Wote walikuwa na tasnifu, na wote walikuwa wamesema hawana nafasi. Mmoja wa Wakenya, mwanamke mwenye mamlaka ya dada mkubwa, alipita mlango kwa mlango akawaagiza kila mtu alete chakula cha kwao, wala mtu asilete karatasi. Wakala pilau, wali wa Kinaijeria, dengu, na maandazi ya Kichina yaliyopikwa kwa mvuke. Sukuma wiki ya kwetu haipatikani kwa urahisi, lakini yako majani ya Marekani yaitwayo kola, ndugu yake wa karibu. Yakikatwa membamba na kukaangwa na kitunguu, mtu aliyefumba macho hatatofautisha. Unga wa ugali hupatikana katika maduka ya Waafrika.

Siku nyingine alialikwa na jamaa ya mwenzake wa maabara, wenyeji wa jimbo hilo, wakaao karibu na ziwa. Huko alijifunza adabu za nyumba ya baridi: viatu huvuliwa mlangoni, na mgeni hupewa soksi nzito. Bibi wa nyumba ile, ambaye wazee wake walitoka Norwe, alikuwa akisukuma mkate wa viazi uitwao lefse, mwembamba sana, akiuchoma juu ya bamba la chuma. Kijana alipoutazama alicheka, akasema, "Mama, hii ni chapati." Akapewa kijiti cha kugeuzia, akageuza mikate yote iliyosalia, na tangu hapo bibi yule humwita fundi wake.

Kesho yake babu wa nyumba alimpeleka katikati ya ziwa, akatoboa tundu katika barafu, wakaketi kuvua samaki. Kwanza babu alipima unene wa barafu, kwa maana idara ya maliasili ya jimbo hufundisha kwamba mtu asitembee juu ya barafu mpya isipofika unene wa sentimita 10, na gari huhitaji zaidi sana. Walikaa saa tatu wakapata samaki wawili wadogo. Babu hakumwuliza juu ya tasnifu hata mara moja. Alimwuliza mvua za kwao huja mwezi gani, na baba yake hupanda nini.

Aliporudi chumbani alikuwa amepoteza siku tatu za kuandika, kama watu wahesabuvyo. Lakini asema ya kwamba ile sura iliyomshinda tangu Oktoba aliianza upya juma lile, ikaenda. Hatusemi kwamba samaki wawili huandika tasnifu. Twasema ya kwamba akili, kama shamba, huzaa baada ya kupumzishwa, na mtu hapumziki vema peke yake.

YATUPASAYO

Kwenu wazazi na ndugu. Kwanza, jueni saa. Majira ya baridi Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 9. Kwetu ikiwa saa 12 jioni, kwao ni saa 3 asubuhi. Hiyo ni saa njema kwa pande zote mbili. Kwao ikiwa saa 2 usiku, kwetu ni saa 11 alfajiri, na wazee wamelala. Pili, acheni swali la "Utamaliza lini?" Halijui yeye, wala msimamizi wake halijui, humchoma bure. Mwulizeni amekula nini, amekaa na nani, na kuna baridi kiasi gani. Tatu, msimpelekee orodha ya mahitaji katika siku ya sikukuu. Kama lipo la lazima, mwambieni siku nyingine, kwa upole, naye ajibu kwa kweli.

Kwenu wanafunzi. Waelezeni watu wa nyumbani hali yenu wazi, na hesabu zake. Mtu mzima hukasirishwa na kufichwa kuliko na shida. Kabla ya kununua nauli ulizeni ofisi ya wanafunzi wageni ya chuo chenu. Na kama mwabaki, wekeni siku zisizo na kazi, zenye majina yake, mkazitangaze kwa wenzenu, ili msizile wenyewe kwa siri. Tazameni na yule wa chumba cha pili asiyetoka. Huenda anangoja mtu wa kumgongea mlango.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Msomaji mwenye mgeni mwanafunzi jirani yake, awe Mkongo, Mrundi au Mzungu, asingoje kuombwa. Sahani moja zaidi mezani siku ile si gharama kubwa, na yuko mama mbali, mahali fulani, atakayelala vizuri kwa ajili yake.